Ni Nani Afaaye Kusikia Siri za Moyo?

Katika mtaa mmoja wa huku kwetu Mpanda alikuwako mkulima wa tumbaku aliyekosa usingizi muda wa miezi mingi. Hakuwa na homa wala jeraha. Chakula kilimshinda, mwili ukapungua, jembe akaliacha, na usiku aliketi mlangoni akilitazama giza. Mkewe alipomwuliza ana nini, alijibu kwamba hana neno. Siku moja alimwendea mzee wa kanisa akamfungulia moyo wake. Alimweleza habari ya mtoto wake aliyekufa, na habari ya deni lililomlemea, na jinsi alivyochukua kamba mara mbili akaenda nayo porini, na mara mbili akarudi. Mzee alimsikiliza kwa huruma. Lakini Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi, mzee yule alisimama akawasihi washarika wamkumbuke ndugu huyu, akalitaja jina lake, akaitaja na kamba. Hakukusudia mabaya, alidhani anamsaidia. Mkulima alitoka kabla ya baraka, na tangu siku ile hakuonekana tena ibadani, wala hakumwambia mtu yeyote lililomo moyoni mwake.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mzee. Wengi wetu katika nafasi yake tungalifanya vivyo hivyo. Twaandika kwa kuwa habari hii yatuletea swali ambalo kila mwinjilisti na kila mzazi hana budi kulijibu: Ni nani afaaye kusikia siri za moyo ulioumia? Je, ni mwenye cheo? Ni mwenye elimu? Au ni yule aliye karibu? Siku hizi watu husikia habari za wanasaikolojia na washauri nasaha, ambao kazi yao ni kutibu kwa mazungumzo. Wako wanaouliza kama yampasa Mkristo kuwaendea, na kama yampasa, atamchaguaje mmoja na kumwacha mwingine. Twataka kulijibu swali hili taratibu.

Kwanza yafaa tujue tiba hiyo ni kitu gani. Wengi hudhani ni mashauri tu, kana kwamba mgonjwa hajui la kufanya na mwenye elimu anamwambia. Sivyo. Mashauri mtu huyapata bure barazani, na mara nyingi humwongezea mzigo. Tiba hii ni mazungumzo yenye mpango. Watu wawili, au kundi dogo, hukutana siku iliyowekwa, kwa muda uliowekwa, mara nyingi kama saa moja kila juma. Mgonjwa husaidiwa kulitaja jambo linalomsumbua, kulitazama pande zote, na kujaribu njia nyingine ya kuishi nalo. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, ndiye aliyeanza kuipa tiba hii umbo mwishoni mwa karne ya 19, akiwaacha wagonjwa waseme yote yaliyowajia moyoni. Freud mwenyewe hakuwa mtu wa dini, walakini mmoja wa rafiki zake alikuwa Oskar Pfister, mchungaji wa Zurich, nao waliandikiana barua tangu mwaka 1909 hata siku za mwisho za Freud, aliyefariki mwaka 1939. Baadaye, katika miaka ya 1960, tabibu Aaron Beck wa Marekani alionyesha njia nyingine. Aliona kwamba mtu mwenye huzuni iuguzayo, ambayo leo yaitwa sonona, hujiambia maneno yasiyo ya kweli juu yake mwenyewe, mathalani kwamba hafai kitu na kwamba mambo hayatabadilika kamwe. Basi tiba ni kumsaidia kuyapima maneno hayo kwa mambo yaonekanayo. Njia ni nyingi, lakini wachunguzi wameona mara kwa mara kwamba katika njia zote lipo jambo moja lenye uzito mkubwa, nalo ni kuaminiana kwa mgonjwa na yule amsikilizaye. Pasipo hilo, elimu peke yake haifiki mbali.

Pili, je, kuitafuta tiba hii ni upungufu wa imani? Twajibu la. Mtu akivunjika mguu twampeleka hospitali, wala hatumwambii kwamba angaliomba zaidi asingalianguka. Eliya alipochoka hata akatamani kufa, hakukemewa kwanza; alilala, akapewa chakula, akalala tena, akapewa chakula mara ya pili, na mazungumzo yalifuata baadaye. Martin Luther naye alisumbuliwa na huzuni nzito katika maisha yake. Alipokuwa mtawa kijana alimwendea Johann von Staupitz, mkubwa wake, akamweleza dhambi na hofu zake, mara nyingine kwa saa nyingi mfululizo. Na katika miaka yake ya baadaye yeye mwenyewe aliwaandikia barua watu wenye huzuni, akiwasihi wasikae peke yao, bali wale, wazungumze na wenzao, na wajifurahishe kwa nyimbo. Kanisa letu limejua tangu mwanzo kwamba moyo una maradhi yake. Hata katika nchi yetu, Lutindi katika milima ya Usambara palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, na miaka michache baadaye wakapokewa huko wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo ya Kilutheri ingaliko. Hospitali ya Mirembe huko Dodoma ilifuata mwaka 1927. Waliozijenga nyumba hizo hawakuona kwamba kumtibu mtu akili ni kumpunguzia imani.

Lakini msomaji wa Katavi atasema: Dodoma ni mbali, Usambara ni mbali zaidi, na wataalamu wa kazi hii ni wachache katika nchi yote, habari hii yatufaa nini sisi tulio huku? Neno hili ni la haki, na ili kulijibu yafaa tutazame yaliyofanyika kwa jirani zetu.

Mwaka 2002, kusini-magharibi ya Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako ukimwi ulikuwa umeua watu wengi, lilifanywa jaribio katika vijiji 30. Wenyeji walikuwa na maneno yao wenyewe ya kuitaja huzuni iuguzayo, na moja katika hayo lina maana ya kujichukia. Watu wa huko huko, wasio matabibu, walifundishwa muda wa majuma mawili, kisha wakaongoza makundi ya wagonjwa, wanaume mbali na wanawake mbali. Walikutana mara moja kila juma kwa majuma 16, wakizungumza habari za misiba, za ugomvi, na za mabadiliko yaliyowapindulia maisha. Mwisho wake, katika waliopata tiba, walioonekana wangali na ugonjwa walikuwa 6 au 7 tu katika kila 100. Katika vijiji ambavyo havikupata tiba walikuwa kama 55 katika kila 100.

Kadhalika katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huko huko Uganda, wakimbizi walifundishwa kuwatibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia walioona mambo ya kutisha, na habari za kazi hiyo zilitangazwa mwaka 2008. Katika njia waliyoitumia, mgonjwa huweka kamba chini iwe mfano wa maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka maua mahali pa mambo mema, na mawe mahali pa mambo maovu. Kisha hueleza habari zake zote kwa utaratibu, jiwe kwa jiwe na ua kwa ua, na msikilizaji huziandika na kumsomea tena, hata yale yaliyokuwa yakimrukia usiku kama mnyama yawe habari yenye mwanzo na mwisho.

Haya yatuhusu sana sisi wa Katavi. Katumba na Mishamo wako ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa jamaa hiyo, wa huku na wa Ulyankulu. Mwanachuo Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alisikia jinsi watu walivyoisimulia pamoja, tena na tena, habari ya taifa lao na mateso yake. Masimulizi hayo yalikuwa nguzo kwao. Walakini habari ya taifa haiwezi kushika mahali pa habari ya mtu. Mtu aweza kusimulia miaka 40 jinsi watu wake walivyouawa, asiseme hata mara moja yaliyompata yeye mwenyewe njiani. Hayo ya njiani hayasemwi mbele ya wengi. Yataka sikio moja.

Sasa tumefika penye swali letu. Wale wa Uganda hawakuwa na vyeo wala shahada za utabibu. Kwa nini walifaa? Walifundishwa, naam, tena walisimamiwa na wenye ujuzi, na mambo hayo mawili hayaachwi. Lakini twaona sababu nyingine iliyo chini ya hizo: katika maneno ya mgonjwa hawakutafuta kitu chao wenyewe. Hawakumpeleka barazani, hawakumhukumu, hawakumwuzia dawa. Maneno yake hayakuwa na kazi nyingine mikononi mwao ila kumponya yeye aliyeyasema. Hapo ndipo tunapoweka kipimo chetu. Mtu atakaye kuufungua moyo wake ajiulize: Huyu nitakayemwambia, maneno yangu atayafanyia nini?

Karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju ambao wenyeji husema ni makao ya pepo aitwaye Katabi, na watu wamepeleka sadaka na haja zao chini yake. Sisi hatuuabudu mti. Lakini twaweza kufahamu kwa nini mtu mwenye uchungu humweleza mti mambo ambayo hakumwambia jirani yake. Mti hautangazi. Ni aibu kwetu ikiwa mkwaju waaminiwa kwa siri kuliko mzee wa kanisa. Na tena ni hasara kwa mgonjwa, maana mti hautangazi, wala haujibu.

Tuwatazame basi wale wayatumiao maneno ya mgonjwa kwa faida nyingine. Yuko mpiga ramli. Husikia msiba wako kwa makini sana, pengine kuliko mganga wa hospitali mwenye haraka, lakini mwisho hukurudishia jina la jirani au la bibi kizee mwenye macho mekundu. Katika mikoa yetu ya magharibi watu wameuawa kwa sababu ya ramli chonganishi za namna hiyo. Ulimletea huzuni, naye akakupa chuki. Yuko ajiitaye nabii, ambaye huzuni yako ni soko la mafuta na maji yake, naye hukukataza vidonge vya hospitali ili usiwe na pengine pa kwenda. Yuko msomi mwenye tamaa, ambaye hukuita tena na tena kwa ajili ya ada, au autamaniye mwili wa mwanamke aliyekuja kulia mbele yake. Yuko mdadisi, ambaye ajapo kisimani hawezi kuondoka kabla ya kumwaga aliyoyasikia.

Na tupo sisi. Mwinjilisti na mzee wa kanisa huketi katika baraza la wazee. Baraza hilo huamua ni nani atengwe na Meza ya Bwana na ni nani arudishwe. Basi mwanamke akija kwa mzee kueleza jinsi anavyoteseka kwa sababu ya jambo alilolifanya, anasema na tabibu au anasema na hakimu? Asipojua, atasema yale tu yasiyoweza kumhukumu, na jeraha haliko hapo. Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu. Aingiaye msituni na bunduki begani asishangae wanyama wakijificha.

Tunajua yatakayosemwa kinyume cha neno hili. Mmoja atasema: Kanisa limepewa kazi ya kuonya, je, mzee azibe masikio asikiapo dhambi? Twajibu kwamba kuonya kubaki, na baraza libaki. Lakini neno lililoletwa kwa ajili ya kuponywa lisifanywe ushuhuda wa kuhukumia. Ikiwa jambo lajulikana kwa njia nyingine, baraza litalishughulikia kwa njia hiyo, na yule aliyelisikia faraghani aondoke katika shauri hilo, wala asiseme kwa nini ameondoka. Hakimu wa serikali aliye na ndugu katika kesi huiacha kesi kwa mwingine, wala hatumwiti mwoga.

Mwingine atasema: Mbona Staupitz alikuwa mkubwa wa Luther, naye alimsikiliza vema? Ni kweli, na neno hili latufundisha kitu. Maungamo yana mhuri wake tangu zamani, na aliyeyapokea hana ruhusa kuyapeleka popote. Staupitz alikuwa na mamlaka juu ya yule kijana, lakini saa ya kusikiliza aliyaweka mamlaka hayo kando. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwenye cheo hawezi kamwe kusikiliza. Twasema kwamba hana budi kukiacha cheo mlangoni, na asiyeweza kukiacha amwambie mtu mapema, kabla hajafungua kinywa: Ndugu yangu, mimi ni mzee wa baraza, pengine yafaa jambo hili ulipeleke kwa mtu mwingine, nami nitakusindikiza.

Wa tatu atauliza lililo gumu kuliko yote: Na ile kamba? Je, mzee angaliinyamazia? Hapana. Hapa mzee alikuwa na haki kwa nusu. Siri ina mpaka wake. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa, msikilizaji haruhusiwi kukaa kimya, na washauri wa kweli husema hivyo siku ya kwanza. Kosa la mzee halikuwa kusema, lilikuwa katika wale aliowaambia. Alipaswa kumwambia mkulima mwenyewe: Ndugu, hili la kamba siwezi kulibeba peke yangu, wala wewe huwezi, twende pamoja tumwambie mkeo, kisha twende hospitali. Hapo siri ingalifunguliwa kwa kadiri ya lazima tu, kwa watu wawezao kusaidia, na mwenyewe akijua. Yeye aliwafungulia watu 200 wasioweza kufanya neno, na mkewe akaisikia pamoja nao.

Sasa tuseme jinsi ya kumchagua mtu wa kazi hii, awe mtaalamu wa mjini au mshauri wa karibu.

Kwanza, mwulize alifundishwa wapi na ni nani anayemsimamia. Swali hili si dharau. Mwenye elimu ya kweli hulijibu kwa utulivu, na asiye nayo hukasirika. Jina la mshauri si ushahidi wa mafunzo. Kwa kuanza, mtu aweza kuuliza katika hospitali ya mkoa au ya wilaya ni nani ashughulikiaye wagonjwa wa namna hii.

Pili, mwulize habari ya siri na mpaka wake. Akikuambia kwamba hatasema lolote kwa yeyote katika hali yoyote, ameahidi asichoweza. Akishindwa kuueleza mpaka ule, hajaufikiri.

Tatu, ada yake ijulikane mapema, pamoja na siku na saa za kukutana. Tiba isiyo na mwisho wala bei hufanana na deni la dukani lisiloandikwa.

Nne, mwepuke akuahidiye kupona upesi, na akatazaye dawa za hospitali, na atakaye kukutana nawe mahali pa siri au kukugusa kwa namna ikutiayo wasiwasi. Hapo usisubiri kuhakikisha. Ondoka, ukawaambie watu wawezao kuwalinda wengine.

Tano, tazama kama anaifahamu lugha yako na maisha yako. Mzee wa Katumba aliyezaliwa Burundi huenda akautaja uchungu wake kwa Kirundi tu, na kijana wa mashimo ya dhahabu hawezi kumweleza mtu ambaye huona haya kusikia neno la shimoni. Mtaalamu si lazima awe wa dini yako. Yatosha asiidharau, wala asiitumie kukunyamazisha.

Sita, baada ya kukutana mara tatu au nne, jipime. Usitazamie kuwa na furaha, maana pengine utalia zaidi kuliko mwanzo. Uliza hivi: Je, naweza kumwambia leo neno nisiloweza kumwambia siku ya kwanza? Je, akikosea naweza kumwambia amekosea? Ikiwa sivyo, una ruhusa kumwacha na kutafuta mwingine, na mtu mwema hatakushika.

Tena tuwaonye waalimu wa mitaa wasijaribu kutibu kwa maneno kila kitu kinachofanana na huzuni. Asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, aangukaye kifafa, aliyebadilika akili ghafla pamoja na homa, mama aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua, na yeyote aliyekwisha kuchagua kamba au sumu, hao wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala wasiachwe peke yao njiani. Malaria iliyopanda kichwani haingoji mazungumzo. Na kwa wengi tiba mbili hufuatana: vidonge huupa mwili nguvu ya kulala, na mazungumzo humpa mtu sababu ya kuamka. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hayo ni kweli kwa maradhi ya moyo kama yalivyo kwa maradhi ya kifua.

Kuna kazi ndogo ambayo kila mmoja wetu aweza kuianza bila shahada. Rafiki za Ayubu walikuja kutoka mbali, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Siku hizo saba walifanya kazi njema kuliko katika sura zote zilizofuata, ambamo walisema sana. Walipoanza kumtafutia kosa waliacha kuwa rafiki, wakawa baraza. Anayetaka kujifunza kusikiliza aanze kwa kuzihesabu mara alizokatiza usemi wa mwenzake leo, na mara alizosikia siri akaona utamu wa kuwa na habari. Akiuona utamu huo ndani yake, ajue bado hajafaa, na hilo si la kukata tamaa. Kulijua ni mwanzo wa kufaa.

Twamalizia kwa habari ya wale wawili. Mzee yule, alipotambua alilolifanya, alimwendea mkulima nyumbani kwake akamwomba radhi. Mkulima hakumjibu. Mzee alirudi juma la pili, safari hii na jembe, wakalima mpaka adhuhuri bila mazungumzo. Alirudi tena. Juma la tano mkulima aliuliza kama hospitalini pana mtu wa kusema naye, asiyemjua yeye wala jamaa zake. Mzee alisema hajui, lakini atakwenda naye kuuliza, naye atangoja nje. Wakaenda. Aliyoyasema mkulima humo ndani mzee hayajui hata leo, wala hajauliza.